Kufumua na Kusuka Upya

Maneno kuhusu rimiksi, yaani kuufumua wimbo wa mtu na kuusuka upya, niliyozungumza na vijana wanaojifunza utayarishaji wa muziki, Dar es Salaam. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Shikamooni wakubwa zangu mliokaa mbele. Na ninyi wadogo zangu mliojazana huko nyuma, habari za asubuhi.

Mama yangu alikuwa msusi. Ofisi yake ilikuwa baraza ya nyumba yetu: mkeka, kigoda, na kioo kilichopasuka pembeni. Mtu akija na rasta za miezi mitatu, kazi ya kwanza haikuwa kusuka, ilikuwa kufumua. Na kufumua kulikuwa na adabu yake. Usikate, usivute, anza na ncha, tafuta aliyesuka kabla yako alianzia wapi. Mama alikuwa anafumua huku anasema peke yake, "Huyu alikaza mno hapa," au "Huyu fundi, tazama alivyogawa." Alikuwa anamsoma mwenzake kwa vidole, mtu ambaye pengine hajawahi kumwona. Sikukuu zikikaribia na kazi zikizidi, shangazi alikuja kumsaidia. Wanakaa wawili juu ya kichwa kimoja, huyu kushoto, yule kulia. Mtihani ulikuwa utosini, pale mistari ya huyu inapokutana na mistari ya yule. Ikikataa kukutana, mmoja anafumua. Sikuwahi kusikia wakigombania nani afumue.

Leo nimeombwa nizungumzie rimiksi, na hasa wale wanaoifanya wawili wawili katika muziki wa kilabu, muziki wa mashine na kompyuta. Nasema muziki wa kilabu kwa makusudi, kwa sababu nikisema muziki wa dansi, wazee wangu hawa wa mbele wataanza kuwaza bendi za Msondo na Sikinde, na watakuwa na haki. Nimejaribu kuanza hotuba hii kwa njia tatu tofauti, na kila mara nimejikuta nimerudi kwenye mkeka ule wa mama.

Tuweke neno sawa kwanza. Hapa kwetu, msanii wa Bongo Fleva akitangaza rimiksi, mara nyingi ana maana kwamba wimbo ni uleule, biti ni ileile, ila ameingia msanii mwingine mwenye jina na kuimba ubeti wa pili. Ni utaratibu mzuri, umewafungulia watu milango hadi Lagos. Lakini hapo hakuna kilichofumuliwa. Mmeongeza shanga kwenye nywele zilizokwisha kusukwa. Ninayoizungumzia mimi ni ile ambayo mtu anapewa wimbo ukiwa vipande vipande, sauti peke yake, besi peke yake, ngoma peke yake, kisha anauliza: wimbo huu ungekuwa nini kama ungezaliwa leo usiku, mbele ya watu wanaocheza?

Sanaa hii haikuanzia kwenye kompyuta. Ilianzia Jamaika, kwa kusahau. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mjini Kingston, mwenye mitambo ya muziki aitwaye Ruddy Redwood alikwenda studio ya Treasure Isle kuchongewa santuri ya majaribio ya wimbo wa kundi la The Paragons. Fundi aliyekuwa zamu akasahau kufungulia sauti za waimbaji. Ikatoka santuri yenye ala tupu. Redwood hakuirudisha. Alikwenda nayo ukumbini, akapiga kwanza ile yenye sauti, halafu hii isiyo na sauti, na watu walipokuta mwimbaji hayupo, wakaimba wenyewe.

Hebu kaeni na jambo hilo kidogo. Kitu kimeondolewa, na kilichoondolewa ndicho kilichowaita watu waingie ndani ya wimbo. Kila ninachowaambia asubuhi hii kimetoka kwenye tukio hilo.

Mjini humohumo alikuwapo fundi wa redio na vikuza sauti, Osbourne Ruddock, aliyejulikana kama King Tubby. Mtu wa chuma cha kuunganishia na nyaya. Alikuwa na meza ya kuchanganyia ya treki nne tu, yaani njia nne za sauti, nyumbani kwake eneo la Waterhouse. Treki nne, wadogo zangu! Ninyi simu zenu zina treki nyingi kuliko hizo. Kwenye treki hizo nne Tubby alizima sauti katikati ya neno, akaacha herufi ya mwisho ielee kwenye mwangwi, akarudisha besi peke yake, akaificha gita, akaifichua. Mezani pake palikuwa na kishikizo kimoja cha kukata sauti nzito, akikizungusha ngoma inapanda kama maji yanayochemka kwenye birika. Meza ya kuchanganyia, iliyokusudiwa kwa kazi ya mwisho ya kusafisha, ikawa ala ya muziki. Hicho ndicho walichokiita dab.

New York ilifika mahali hapohapo kwa njia nyingine, kupitia urefu. Santuri ndogo ya inchi 7 inabeba dakika tatu au nne za wimbo, na mchezaji ndiyo kwanza anaanza kutoka jasho. Tom Moulton alikuwa akirefusha nyimbo za disko katikati ya miaka ya 1970. Siku moja fundi wake wa kuchonga santuri aliishiwa na sahani za inchi 7, akachonga kwenye sahani kubwa zaidi. Kwa kuwa nafasi ilikuwa nyingi, akaitandaza mifereji, ile mistari inayopitiwa na sindano. Waliposikiliza walishangaa, kwa sababu besi inaifanya sindano iyumbe kushoto na kulia, nayo inataka mfereji mpana. Mifereji ikibanana, lazima upunguze sauti ili isigongane. Ikipewa nafasi, unaweza kuchonga kwa nguvu. Ndiyo maana santuri ya inchi 12 inakupiga kifuani. Uzito wa rimiksi ya kilabu uliletwa na upungufu wa bidhaa stoo.

Mwaka 1976 kampuni ya Salsoul ikampa dijei kijana, Walter Gibbons, kanda halisi za wimbo wa kundi la Double Exposure unaoitwa "Ten Percent". Wimbo wa dakika kama nne ukatoka kwake ukikaribia dakika kumi, nao ukauzwa madukani kwenye inchi 12. Gibbons alikuwa amezoea kupiga nakala mbili za santuri moja kwa wakati mmoja, akiruka huku na huku ili kipande cha ngoma kisiishe. Studioni alifanya kilekile alichokuwa akifanya ukumbini. Aliujua wimbo kupitia miguu ya watu wanaoucheza, na hilo halifundishwi na kitabu cha programu yoyote.

Sitakaa sana Chicago, ingawa ningeweza kukaa hadi adhuhuri. Niseme tu kwamba Frankie Knuckles alikuwa akipiga muziki tangu 1977 kwenye kilabu cha Warehouse, ambako ndiko muziki wa hausi ulikopatia jina lake, na kwamba tuzo ya Grammy ya mtengeneza rimiksi bora ilipotolewa kwa mara ya kwanza, mwaka 1998, ilikwenda kwake.

Sasa mtaniuliza: Tubby alikuwa mmoja, Gibbons mmoja, Knuckles mmoja. Wawili wameingiaje?

Wameingia na mashine. Mashine za ngoma na za kunasa vipande vya sauti ziliposhuka bei, chumba cha kulala kikawa studio, na bendi ya watu wanane haikuhitajika tena. Mtu mmoja angetosha. Lakini mtu mmoja ana shida ambayo nimeiishi: hakuna wa kumwambia hapana. Ukikaa saa sita na lupu yako, kile kipande kinachojirudiarudia, unaipenda. Unaipenda hata inapoua wimbo. Anahitajika mtu wa pili, aliyekaa kwenye kochi nyuma yako, aseme, "Ndugu yangu, hiyo itoe." Na si mtu yeyote tu. Awe mtu unayeamini masikio yake kiasi kwamba utaitoa, japo kwa uchungu.

Nichukue wawili wa New York, Masters at Work. Kenny "Dope" Gonzalez ametoka Brooklyn, mtu wa hip hop, wa mashine ya ngoma na maboksi ya santuri za zamani. "Little" Louie Vega ametoka Bronx, baba yake mpiga saksafoni, mjomba wake Héctor Lavoe, mmoja wa waimbaji wakubwa wa salsa duniani. Walikutanishwa na dijei mwenzao, Todd Terry, na miaka ya 1990 walitengeneza rimiksi nyingi kuliko ninavyoweza kuzihesabu hapa.

Sikilizeni walivyofanya kazi, ndipo lilipo somo. Kampuni ikiwaletea wimbo wa pop, mara nyingi walibakiza sauti ya mwimbaji tu. Mengine yote, nje. Kenny anajenga ngoma mpya, Louie anatafuta kodi mpya, yaani noti zinazopigwa pamoja, chini ya sauti ileile, na kodi zikibadilika maana ya maneno inabadilika pia: mtu aliyekuwa analalamika anaanza kusikika kama anayesamehe. Kisha wanaita wapigaji wa kweli, wa kinanda, wa konga, wa filimbi, wapige juu ya rimiksi kama vile ni wimbo mpya. Upande wa pili wa santuri wanaweka dab, ambayo ndani yake sauti imebaki neno moja au pumzi moja. Kingston ileile, imehamia Bronx.

Mwaka 1997, kwa jina la Nuyorican Soul, walitoa albamu iliyowakusanya Tito Puente, Roy Ayers, George Benson na Jocelyn Brown chini ya paa moja. Watu waliozoea kufumua nyimbo za wengine sasa wanasuka kichwa kizima tangu mwanzo. Ukiisikiliza huwezi kuonyesha kwa kidole pale Kenny alipoishia na Louie alipoanzia. Utosi umekutana.

Mwaka huohuo wa 1997, Paris, vijana wawili waliojuana tangu shule, Thomas Bangalter na Guy-Manuel de Homem-Christo, yaani Daft Punk, walitoa albamu yao ya kwanza. Ndani yake kuna wimbo wa "Teachers", ambao karibu wote ni majina. Wanataja walimu wao, mmoja baada ya mwingine, wengi wao madijei wa Chicago ambao Wafaransa wengi hawakuwahi kuwasikia, na Kenny Dope na Louie Vega wamo. Naupenda wimbo huo kuliko nyimbo zao zilizovuma zaidi. Mtu anayejua alichochukua, na akakitaja kwa jina mbele za watu, huyo ana adabu ya mkeka.

Lakini kazi yao ninayowaomba mkaisikilize mkirudi nyumbani ni "Alive 2007", iliyorekodiwa jukwaani. Hapo Daft Punk walifumua nyimbo zao wenyewe. Sauti ya wimbo wa 1997 inakaa juu ya ngoma ya wimbo wa 2001, na unagundua kwamba nyimbo hizi mbili zilikuwa ndugu muda wote. Albamu hiyo ilipata Grammy mwaka 2009. Kufumua kazi ya mwingine ni rahisi kuliko kufumua uliyoisuka mwenyewe ukapigiwa makofi.

Na sasa kisa ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 2003, Paris tena, wabunifu wa michoro wawili, Gaspard Augé na Xavier de Rosnay, waliingia kwenye shindano la rimiksi la redio ya wanafunzi. Wimbo uliotolewa ulikuwa "Never Be Alone" wa bendi ya Kiingereza iitwayo Simian. Wimbo wa kawaida, mzuri. Hawa wawili wakachukua kiitikio, ile sehemu ambayo watu wanaimba pamoja kwamba wao ni marafiki zako, wakatupa karibu kila kitu kingine, wakaweka chini yake besi iliyokwaruzika kama bati linaloburutwa. Wakajiita Justice. Rimiksi ikapewa jina jipya, "We Are Your Friends", na ikazunguka vilabu vya Ulaya kwa miaka hadi video yake ikapata tuzo ya MTV Ulaya mwaka 2006.

Kilichonigusa ni hatima ya Simian. Bendi ilivunjika. Lakini wanamuziki wake wawili, James Ford na Jas Shaw, walibaki pamoja, wakaingia kwenye muziki wa mashine, wakajiita Simian Mobile Disco, nao wakawa wawili mashuhuri wa vilabu, wakitengeneza rimiksi za wengine. Yaani wawili walifumua wimbo wa wanne, na miongoni mwa wale wanne wakatoka wawili wengine wakaendelea na ufundi uleule. Sisi watu wa pwani hilo halitushangazi. Tumelelewa kwenye kujibizana: malenga anatupa shairi, mwenzake anachukua kina na mizani, analirudisha limegeuzwa. Vikundi vya taarabu vimeishi kwa kujibiwa. Jibu halikuwahi kuwa wizi. Kutokujibiwa ndiko kulikouma.

Msidhani pia kwamba rimiksi lazima ikimbie. Peter Kruder na Richard Dorfmeister wa Vienna walitoa mkusanyiko wa rimiksi zao mwaka 1998, "The K&D Sessions", na walichofanya kwenye nyimbo za wengine ni kuzipunguza mwendo, kuzijaza moshi na nafasi. Sisi tumekwenda upande mwingine kabisa.

Na hapa nasimama wima. Singeli, iliyozaliwa uswahilini kwetu, Manzese, Tandale na majirani zake, inakwenda mapigo 200 kwa dakika na kuzidi, karibu mara mbili ya hausi. Vijana walichukua vipande vya taarabu, wakaikumbuka na mchiriku yenye vinanda vidogo vya Casio, wakavikata, wakavirudia, wakavikimbiza, kwenye kompyuta za mkononi ambazo wengine wangezitupa. Walikuwa wanafanya rimiksi kabla mtu hajawaambia inaitwaje. Mwaka 2017 mkusanyiko wa "Sounds of Sisso", uliotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ukaupeleka mlio huo mbali. Na mwaka 2024 wakatoka wawili, Sisso na Maiko, na "Singeli ya Maajabu". Isikilizeni kwa hedfoni, polepole, mkitafuta nani anafanya nini. Katikati ya mwendo ule kuna mahali pamewekwa wazi makusudi, sauti moja inachungulia na kuondoka. Tubby angelitambua dirisha lile.

Kwa hiyo tuna urithi, tuna masikio, tuna wawili wawili. Kinachotukosesha ni kitu kidogo kinachoniuma, nacho nitakieleza kwa kisa.

Miaka kadhaa nyuma nilitaka kufumua wimbo mmoja wa ujana wangu. Mwimbaji nilimpata, mama mwenye wajukuu sasa. Akafurahi mpaka akaimba ubeti wa kwanza kwenye simu. Akanipa ruhusa kwa maandishi. Nikaenda studio ulikorekodiwa wimbo. Wakaniambia kompyuta ile ilijaa, wakaifuta ili warekodi wengine. Kilichobaki ni faili moja la mp3, sauti na ngoma na kinanda vimeshikana. Nimejaribu programu za kutenganisha sauti. Zinasaidia, sikatai, lakini ukiinua sauti ya yule mama unasikia vipande vya matoazi vimeng'ang'ania kwenye herufi zake, kama nywele zilizokatwa badala ya kufumuliwa. Nikamrudia kumwambia haiwezekani. Alinyamaza, kisha akasema, "Basi mwanangu, utanisikia hivyohivyo."

Sitaki mseme maneno hayo kwa mtu. Mkimaliza wimbo, toeni kila treki peke yake, zote zianzie sekunde ya sifuri, muandike mwendo na ufunguo wa wimbo kwenye jina la faili, muweke sehemu mbili tofauti, na nakala moja apewe mwimbaji. Ni kazi ya nusu saa. Salsoul wasingetunza kanda zao, Gibbons angefumua nini?

Na makubaliano yaandikwe. Kwa kawaida mtengeneza rimiksi hulipwa mara moja, na wimbo unabaki mali ya mwenyewe, isipokuwa mmekubaliana vingine. Tuna sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na tuna COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Kipande ulichonasa kina mwenyewe: wimbo wa Daft Punk unaojulikana mno, "Harder, Better, Faster, Stronger", umejengwa juu ya kipande cha Edwin Birdsong cha mwaka 1979, na jina lake limeandikwa miongoni mwa watunzi. Kama wale waliweza kuandika jina, na ninyi mtaliandika la mzee wa taarabu mliyemnasa.

Nimesema vya kutosha. Diski iliyoko mezani hapa ina wimbo mmoja wenye treki 14. Mwenye wimbo ametoa ruhusa, na yuko nasi, amekaa pale karibu na mlango. Gawaneni wawili wawili, na asichague mtu rafiki yake: kaa na mtu ambaye muziki wake huuelewi. Saa ya kwanza hairuhusiwi kuongeza chochote. Hakuna ngoma mpya, hakuna kinanda, hakuna mwangwi. Mtaondoa tu, kwa zamu, huyu moja, yule moja, mpaka mfike kwenye treki ambayo wote wawili mnakataa iondoke. Mkifika hapo, niiteni.